Mwanafunzi wa Arobaini na Mbili

Kila asubuhi, jua likiwa bado limejificha nyuma ya Mlima Meru, Nashilu alikuwa na kazi tatu: kuondoa samadi zizini, kuchota maji bombani na kupiga mswaki. Kazi mbili za kwanza alizimaliza chapuchapu. Ya tatu aliifanya kama mtu anayesugua sufuria iliyoungua.

Alianza na dawa ya meno. Akafuata na mkaa uliosagwa. Siku nyingine alitumia majivu, akasugua mpaka fizi zikatoa damu. Kisha alichukua kioo kidogo cha mama yake, akajitazama. Wapi! Meno yalikuwa yaleyale, ya kahawia, yenye michirizi, utadhani kikombe cha chai kilicholala bila kuoshwa.

"Nashilu, umesugua kweli leo?" mama yake aliuliza huku akifunga matenga ya mboga ya kupeleka soko la Ngaramtoni.

"Nimesugua, mama."

"Haya." Lakini ile "haya" ilikuwa na mashaka ndani yake, na Nashilu aliyasikia.

Sasa usidhani Nashilu alikuwa peke yake kijijini mwenye meno ya namna ile. La hasha. Kule bondeni, watoto wengi walikuwa nayo. Watu wa bondeni walikunywa maji ya kisima, na kila mtu alisema, "Ni maji yale." Basi, hakuna aliyewacheka. Shida ni kwamba Nashilu hakuwa mtu wa bondeni. Alikaa juu, karibu na msitu, ambako watu walikunywa maji ya bomba yaliyotoka kwenye chemchemi ya mlimani. Watoto wa juu walikuwa na meno meupe. Yeye tu ndiye aliyekuwa na meno ya bondeni na maji ya mlimani, na watu hawakukosa la kusema.

"Mvivu wa mswaki," walinong'ona.

Ndipo Nashilu akajifunza kuziba mdomo. Akiongea, kiganja kilipanda. Akicheka, kiganja kilipanda haraka zaidi. Mwishowe akapunguza kucheka.

Darasani, hata hivyo, hakuwa na mpinzani. Alikuwa darasa la sita, na katika somo la sayansi aliongoza kila mtihani, maana alikariri daftari zima kuanzia jalada hadi jalada. Muhula uliopita kulikuwa na swali hili: "Taja sababu moja inayofanya meno yabadilike rangi." Nashilu aliandika bila kusita: "Kutopiga mswaki." Akapata vema. Aliitazama vema ile kwa muda mrefu. Alijua kwamba kwa upande wake jibu lile ni uongo mtupu. Lakini vema ni vema, akageuza ukurasa.

Muhula mpya ulipoanza, alikuja mwalimu mpya wa sayansi, Mwalimu Kandida, mama mfupi mwenye sauti kubwa, aliyehamia kutoka Mbulu. Siku ya kwanza hakuandika chochote ubaoni.

"Baada ya wiki sita kuna siku ya wazazi," alisema. "Kila mmoja wenu aniletee swali. Liwe swali lako mwenyewe, na jibu lake lisiwepo kwenye kitabu. Mtalichunguza, mtaandika mlichokiona. Atakayefanya vizuri kuliko wote atasimama mbele ya wazazi, na baadaye atatuwakilisha kwenye maonyesho ya wilaya."

Lomayani, kijana wa bondeni asiyekaa na neno tumboni, akanyoosha mkono. "Mwalimu, kama jibu halipo kwenye kitabu, wewe utasahihishaje?"

"Hata mimi sijui," alisema Mwalimu Kandida. "Tutatafuta wote."

Darasa zima likaguna. Mwalimu hajui! Hilo lilikuwa jambo geni.

Nashilu alitaka sana kusimama siku ile. Alitaka mama yake amwone mbele ya watu, asifiwe kwa jambo lolote lisilokuwa meno. Lakini siku tatu zilipita hana swali. Angeweza kutaja sehemu zote za ua hata ukimwamsha usingizini. Swali lake mwenyewe, hakuna. Au tuseme ukweli: alikuwa nalo moja tu, na hilo hakutaka mtu alione.

Siku ya nne, wakati wa mapumziko, Lomayani alikuwa akiwachekesha wenzake. Alikuwa na meno ya kahawia kuliko ya mtu yeyote shuleni, naye akicheka alifungua mdomo mpaka mwisho.

"Haya ni dhahabu!" alisema akiyagonga kwa kucha. "Nikikosa nauli, nang'oa moja."

"Nani kakwambia ni maji?" Vaileth, jirani yake Nashilu kule juu, alimuuliza. "Maji ni maji tu."

"Babu yangu anasema."

"Babu yako kapima?"

Lomayani akakosa la kujibu, jambo lililotokea mara moja kwa mwaka. Nashilu naye akashtuka. Hapo palikuwa na swali! Tena swali la watu wengine, lisilomgusa yeye. Jioni ile aliandika kwenye daftari jipya: "Je, ni kweli kwamba maji ya kisima cha bondeni yanabadilisha meno?"

Alichapa kazi. Wiki mbili nzima alizunguka darasani na daftari lake. Kila mwanafunzi aliulizwa: Unakaa wapi? Ulikunywa maji gani tangu utotoni? Kisha: Fungua mdomo. Wengine walikubali kwa pipi, wengine kwa kubembelezwa. Lomayani alifungua mdomo bila kuambiwa, akauliza kama anahitaji kuona na koo.

Matokeo yalitoka mazuri ajabu. Wanafunzi wa bondeni walikuwa kumi na saba. Kumi na watano walikuwa na madoa au rangi ya kahawia. Wawili waliobaki walihamia kijijini wakiwa wakubwa, ndiyo maana meno yao yalikuwa safi. Wanafunzi wa juu walikuwa ishirini na wanne, na wote, bila kasoro hata mmoja, walikuwa na meno meupe. Nashilu alichora mchoro kwenye karatasi kubwa, akaupaka rangi za penseli, akampelekea Mwalimu Kandida akiwa na uhakika wa ushindi.

Mwalimu aliutazama mchoro. Akatabasamu. Kisha akaanza kuhesabu kwa kidole, polepole.

"Nashilu, darasa lenu lina wanafunzi wangapi?"

"Arobaini na wawili, Mwalimu."

"Na hapa?"

Nashilu aliinamia mchoro wake.

"Kumi na saba, na ishirini na wanne, ni arobaini na mmoja. Kuna mmoja hapa hana meno?"

Kiganja cha Nashilu kilikuwa kimeshapanda mdomoni. Machozi yalimlengalenga. Alitamani kusema kwamba alisahau, lakini njia ya mwongo ni fupi, na Mwalimu Kandida alikuwa amekaa mwisho wa njia hiyo akimsubiri.

"Ni mimi, Mwalimu," alisema. "Nimejitoa makusudi. Mimi ni wa juu. Nikijiandika, kazi yote inaharibika."

Akaanza kulia, na maneno yakatoka yote: mkaa, majivu, damu ya fizi, "mvivu wa mswaki", na lile jibu la mtihani alilopatia vema huku akijua ni uongo.

Mwalimu Kandida hakumgombeza. Alimpa leso, akasubiri amalize.

"Mwanangu, umefanya kosa, na kosa lenyewe si dogo," alisema. "Ukimfuta mtu kwa sababu anaharibu mchoro, huo siyo uchunguzi tena. Ni hadithi ya kubuni. Na uliyemfuta ni wewe mwenyewe. Sasa rudi nyumbani. Jiandike. Halafu ujiulize, maji yako ni kama ya Vaileth, na mswaki unapiga kuliko Vaileth. Je, nini kingine kinaingia kinywani mwako kisichoingia kinywani mwake?"

Nashilu alirudi nyumbani akiwa na aibu, lakini pia na kitu kingine kilichomwasha kama upupu. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alitaka kujua jibu, na hakuna mahali pa kulikariri.

Aliandika "42. Nashilu. Juu. Kahawia." Kisha akaanza kuwachunguza watu wa nyumbani kwake. Mama yake aliondoka alfajiri kwenda sokoni, na baba yake alikuwa dereva wa lori asiyeonekana ila mwisho wa mwezi. Kwa hiyo tangu alipoanza kula, Nashilu alilishwa na bibi yake, ambaye watoto walimwita Koko kama Waarusha wote wanavyowaita bibi zao. Sasa Koko alikuwa akimlea Ezra, mdogo wake Nashilu, mtoto wa miaka mitatu mwenye tumbo la shibe na meno madogo meupe pe.

Wiki nzima Nashilu alikaa jikoni na daftari. Chumvi? Ilitoka duka lilelile la akina Vaileth. Maziwa? Ng'ombe wa kwao walikula majani yaleyale. Chai? Ileile.

"Umekuwa askari wa jikoni siku hizi?" Koko alimtania. "Unataka kunikamata kwa kosa gani?"

"Naangalia tu, Koko."

"Angalia, angalia. Lakini ukiangalia, kuna moshi."

Jumamosi alienda kwa akina Vaileth. Mama Vaileth alikuwa ameinjika kande, mahindi na maharage, tangu asubuhi. Saa saba ikafika, bado magumu. Saa tisa, bado.

"Mbona kwetu hayachukui muda hivi?" Nashilu aliuliza.

Mama Vaileth akacheka. "Bibi yako katoka tambarare, kule kuni ni dhahabu. Yeye anatia magadi kwenye kila kitu. Sisi hatuna mazoea nayo, yanatuharibia ladha."

Magadi! Nashilu alisahau hata kuaga. Alikimbia mpaka nyumbani, akaingia jikoni, akatazama lile kopo la bati lililokaa karibu na mafiga tangu kabla hajazaliwa. Ndani mlikuwa na mawe meupe yenye ukijivu. Ukitia kipande kidogo tu, maharage sugu yanalainika mara moja. Koko alitia kwenye kande, kwenye maharage, hata kwenye mboga za majani ili zibaki za kijani. Nashilu alikuwa ameliona kopo lile kila siku ya maisha yake, na hakuwahi kuliona.

Jumatatu alimpelekea Mwalimu Kandida chupa mbili za maji, moja ya bomba na moja ya kisima, na kipande cha magadi kwenye karatasi.

"Usishangilie bado," Mwalimu alimwonya. "Huku ni kudhani. Tupime."

Mwalimu alikuwa na rafiki aliyefanya kazi kwenye maabara ya maji mjini Arusha. Majibu yalikuja baada ya siku tisa, na Nashilu alizihesabu zote. Walichopima ni madini yaitwayo floraidi. Kidogo yanafaa kwa meno. Yakizidi, yanayaharibu wakati yanapotengenezwa, mtoto akiwa mdogo. Maji ya bomba yalikuwa salama. Maji ya kisima yalizidi kiwango mara nne. Babu yake Lomayani alikuwa sahihi. Na magadi yale, yalipoyeyushwa, yalikuwa na floraidi nyingi zaidi kuliko kisima chenyewe.

"Nimepata!" Nashilu aliruka. "Mwalimu, sikuwa mvivu! Sikuwa mvivu mimi!"

"Hukuwa mvivu," alisema Mwalimu Kandida. "Ila nikwambie na hili: meno yako yameshakomaa. Hata tukiyaacha magadi leo, hayatageuka kuwa meupe."

Nashilu alikaa chini. Akawaza kidogo. Halafu akainuka ghafla. "Mwalimu, na Ezra je?"

"Ana miaka mingapi?"

"Mitatu."

"Hayo meupe unayoyaona ni ya utotoni. Ya ukubwani yanatengenezwa sasa hivi, chini ya fizi."

Nashilu hakusubiri kengele ya kutoka. Nyumbani alimkuta Ezra amepakatwa, mdomo wazi, na Koko akimlisha kande iliyopondwa vizuri, laini, yenye magadi.

"Koko, usimpe!"

"Ai! Kuna nini? Kuna nyoka?"

Nashilu akaeleza yote, akihema: chupa, maabara, floraidi, kopo. Koko alisikiliza, uso ukazidi kukunjamana.

"Magadi nimekula tangu nizaliwe," alisema kwa ukali. "Mama yangu alikula. Bibi yangu alikula. Leo karatasi ya mjini ndiyo inifundishe kupika?"

"Koko, meno yako yana rangi gani?"

Watoto wa kule hawaulizi wakubwa wao maswali ya namna hiyo, na Nashilu alijua. Lakini alikuwa ameshafuta mtu mmoja kwenye daftari lake kwa ajili ya aibu. Hakuwa tayari kumfuta na Ezra.

Koko aligusa meno yake kwa ulimi. "Haya yangu ni ugoro," alisema taratibu. "Waliniambia ni ugoro. Nikauacha, miaka ishirini sasa. Na hayakurudi kuwa meupe."

Aliliweka bakuli chini. Alimtazama Nashilu, na sauti yake ikawa ndogo. "Kwa hiyo ni mimi. Ulipokuwa unasugua na majivu mpaka damu, na mama yako anakutilia shaka, kumbe ni mkono wangu."

"Hukujua, Koko." Nashilu alimkumbatia, wote wakalia, na Ezra, aliyekatishwa chakula bila maelezo, akalia kuwazidi wote wawili.

Siku ya wazazi ilipofika, Mwalimu Kandida alimchagua Nashilu kusimama. Mchoro ulikuwa mpya. Pale penye watoto wa juu palikuwa na alama ishirini na nne nyeupe na moja ya kahawia, tena aliikoleza.

"Huyu wa kahawia ndiye aliyenisumbua," alisema mbele ya watu. Kiganja kilianza kupanda. Akakishusha, akakishika kwa mkono wa pili. "Nilimtoa ili mchoro upendeze. Huyu ni mimi." Akafungua mdomo, akaonyesha meno yake kwa mama yake, kwa Lomayani, kwa kijiji kizima.

Alipomaliza, Lomayani akapiga kelele, "Dhahabu!" na watu wakaangua kicheko na makofi. Mama yake Nashilu hakupiga makofi. Alikuwa amejifunika uso kwa kanga. Baadaye alimwita mwanawe pembeni, akamwambia, "Nisamehe. Nilikuuliza kila siku na sikuwahi kuamini jibu lako."

Mwalimu Kandida alisimama mwisho. "Wazazi, shikamooni. Nashilu angeweza kusimama hapa na watoto arobaini na mmoja, tungempigia makofi, na mdogo wake angeendelea kula kilekile. Vema ya kwenye karatasi ni nzuri, lakini haitoshi. Aliyesoma kweli huuliza lile linalomgusa, huandika alichokiona hata kama kinamwaibisha, kisha hukipeleka nyumbani kikawafae watu wake. Wa bondeni, kuhusu kisima tutakaa na mwenyekiti wiki hii, tutafute maji ya kunywa ya watoto wadogo. Wa juu, tazameni makopo yenu jikoni."

Kabla watu hawajaondoka, Koko naye alisimama, bila kuitwa. "Mimi ndiye bibi mwenye kopo," alisema. "Nimelimwaga. Kama kuna mwenye nguvu ya kuficha, afiche, lakini mficha maradhi kifo humuumbua. Mjukuu wangu kaniuliza swali baya, nikakasirika. Swali lilikuwa zuri. Ubaya ulikuwa kwenye chungu."

Jioni ile nyumbani, maharage yaliyokuwa yamelowekwa tangu jana yake yalikuwa yakichemka, na kuchemka, na kuchemka. Ezra alizunguka mafiga akiuliza kama yameiva. Koko alichungulia chungu, akakunja uso.

"Nashilu!" aliita. "Hiyo sayansi yako imekula kuni zangu zote. Nenda kalete nyingine. Na swali lako la pili liwe hili: mtu anapikaje maharage bila magadi na bila kumaliza msitu?"

Nashilu alienda nyuma ya nyumba, akabeba mzigo uliomjaa mikononi mpaka kidevuni. Alipokuwa akirudi alimwona Ezra ameketi mbele ya chungu na sahani yake kichwani kama kofia, akisubiri. Nashilu akacheka. Mikono yote miwili ilikuwa na kuni, hivyo alicheka mdomo wazi, na wala hakukumbuka.